Bibi wa Kashasha katika daftari la ukoo wetu

Nilipewa ukatibu wa ukoo kwa sababu ya mwandiko. Mwaka 1996 nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, niko nyumbani nasubiri kupangiwa kituo, na Baba Mkubwa akasema haiwezekani ukoo usomeshe mtu halafu vikao viendelee kuandikwa na watu wa kuazima. Akanikabidhi daftari dogo, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na kalamu moja ya bluu. Shauri la kwanza nililoandika humo lilikuwa la Shangazi.

Shangazi alikuwa ameuza kibanja.

Kwa msomaji asiyetoka Kagera: kibanja ni migomba na mibuni, lakini pia ni makaburi. Babu amelala pale katikati ya migomba, na baba yake Babu, na wengine ambao majina yao tunayasikia tu wazee wakishalewa. Mtu akishindwa mjini anarudi kibanjani. Ndiyo maana kumuuzia mtu wa ukoo mwingine ni jambo la kuitisha kikao hata kama muuzaji ni mwanamume. Na Shangazi hakuwa mwanamume.

Sehemu ile alipewa na Babu alipoachika, mbele ya mashahidi wawili. Kufikia 1996 mashahidi wote wawili walikuwa marehemu. Wanawe wawili wa kiume nao walikuwa wameondoka, katika miaka ile ambayo Kagera tulizika mpaka tukaacha kuulizana marehemu aliugua nini. Alibaki na wajukuu watano na deni la ada. Akamuuzia mfanyabiashara wa kahawa, laki nne na nusu taslimu, wakaandikishana kwa balozi wa nyumba kumi.

Tulikaa Jumapili baada ya misa. Wanaume kwenye mabenchi, Shangazi kwenye mkeka peke yake, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kikizunguka bila kumfikia. Baba Mkubwa hakupoteza muda.

"Andika," akaniambia. "Mwanamke hula kibanja, hauzi kibanja."

Nikaandika. Na niseme ukweli, niliandika bila kusitasita. Kipande kile kilipakana na cha baba yangu. Kama kingerudi kwenye ukoo, siku moja kingeniangukia mimi. Hakuna aliyelitamka hilo, lakini nadhani Shangazi alikuwa analiona kwenye mwandiko wangu mzuri.

Mpango ulikuwa kesho yake twende Mahakama ya Mwanzo tukaombe mauzo yabatilishwe. Baba Mkubwa hakuwa na wasiwasi. Wazee wa baraza wanaoketi na hakimu pale walikuwa watu wa rika lake, Wahaya kama yeye, na mila wanaijua kuliko hakimu mwenyewe.

Hapo mwalimu mmoja mstaafu, jirani aliyealikwa awe shahidi tu, akaomba kusema. Maneno yake ninayo kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuyaandika. Alisema: "Mzee, ukienda Mwanzo utashinda. Rufani ikienda Muleba, utashindwa. Na ukimfuata mpaka Mwanza, utarudi mikono mitupu. Yule bibi wa Kashasha walimfanyia hivihivi, na jaji akasema mwanamke anauza."

Watu wakatazamana. Kashasha kwa baiskeli unafika. Baadhi yao walikuwa wameshaisikia habari hiyo juujuu, wakaiweka kwenye fungu la habari ambazo mtu husikia na kuziacha zipite. Baba Mkubwa akajaribu kutania. "Mwanza," akasema, "kwa meli ipi?"

Hakuna aliyecheka. MV Bukoba ilikuwa imezama Mei mwaka uleule, ikielekea Mwanza na mamia ya watu ndani yake, na kijijini kwetu matanga yalikuwa hayajapoa. Baba Mkubwa mwenyewe alijua ulimi umemponyoka. Akainamia kibuyu, hakusema tena. Kikao kikaishia hapo, kwa aibu zaidi kuliko kwa sheria. Nikachora mstari juu ya sentensi yangu. Shangazi akakunja mkeka wake, na keshoye akaenda kulipa ada.

*

Nimefundisha Uraia shule ya msingi miaka ishirini na ushee. Kila mwaka nimeandika ubaoni: Bunge hutunga sheria, Serikali hutekeleza, Mahakama hutafsiri. Watoto wakanakili, wakajibu hivyo kwenye mtihani, nikawapa vema. Lakini siku ile ya mkeka, hakuna Bunge lililokuwa limefuta chochote. Kanuni iliyomkataza Shangazi ilikuwa palepale kwenye maandishi ya Serikali, Tangazo namba 436 la 1963, kifungu cha 20: wanawake wanaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo wanaweza kuitumia ila hawawezi kuiuza. Maneno hayakubadilishwa hata herufi. Jaji mmoja tu alikuwa ameyasoma pamoja na Katiba, na baada ya hapo hayakuwa na nguvu yaliyokuwa nayo. Hayo nayo tunayaita kutafsiri. Mtu akikutafsiria barua, barua haibadiliki!

Hukumu yenyewe niliisoma miaka mingi baada ya kikao, nilipopata simu yenye intaneti. Iko kwa Kiingereza, kama zilivyokuwa hukumu za Mahakama Kuu. Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilikuja 2021. Nilikaa nayo usiku kucha, kamusi pembeni.

Bibi wa Kashasha anaitwa Holaria Pastory. Alirithi ardhi kwa baba yake, kwa wosia. Alipoona uzee umemwelemea na hana wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 akaiuza kwa Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo wake, kwa shilingi 300,000. Kesho yake, Bernardo Ephraim, mtoto wa ndugu yake, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Kesho yake! Sisi angalau tulisubiri misa iishe.

Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi kijana, ikafuta mauzo na kumwamuru bibi arudishe zile laki tatu. Bibi akakata rufani Mahakama ya Wilaya ya Muleba, na hakimu wa pale akageuza uamuzi: Katiba sasa ina sura ya haki, akasema, na haki hizo ni za wanawake pia. Kijana naye akapanda Mahakama Kuu Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu. Kumbe mwalimu wetu mstaafu alikuwa ametupangia ngazi zile moja baada ya nyingine bila kukosea.

Nilichokuwa sikijua ni jinsi tarehe zilivyokaribiana. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, lakini Serikali ikajipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla ya mwananchi kuruhusiwa kuzidai mahakamani. Muda huo uliisha Machi 1988. Bibi akauza Agosti. Angeuza mwaka mmoja kabla, hakimu wa Muleba asingekuwa na pa kushika. Huko nyuma Mahakama Kuu ilishapelekewa malalamiko ya aina hiyo ya wanawake wa Kihaya. Mwaka 1968 kwa mfano, jaji aliwaonea huruma, kisha akasema ni juu ya Wahaya wenyewe kuibadili mila yao. Wahaya wenyewe, maana yake Baba Mkubwa.

Mwalusanya hakusubiri. Alishika ibara ya 13 inayokataza ubaguzi. Ibara hiyo wakati ule ilitaja kabila, rangi, dini, pahali mtu anapotoka. Neno jinsia halikuwemo. Akaegemea mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania ilishaikubali, akamnukuu hata Mwalimu Nyerere aliyekiri mwaka 1967 kwamba katika jamii zetu za jadi wanawake waliwekwa chini. Halafu akatumia sheria ndogo ya mpito ya 1984, ambayo nadhani hakuna mtu wa kawaida aliyepata kuisikia, inayompa jaji ruhusa ya kuisoma sheria ya zamani pamoja na marekebisho yatakayoifanya ilingane na Katiba. Kwa hiyo sheria ya kimila haikutupwa. Aliinyoosha tu palipopinda: kuanzia siku hiyo mwanamke na mwanamume wa Kihaya wakawa na mamlaka sawa ya kuuza ardhi ya ukoo, kwa masharti yaleyale. Haya masharti nitayarudia mwishoni.

Kuna mahali nilicheka peke yangu gizani. Jaji anasema anashangaa kwamba kazi hii imefanywa na bibi mzee wa kijijini, wakati wanawake wasomi wa mjini wanaimba kaulimbiu miaka nenda rudi. Ni uchokozi mtamu, ila mzee aliteleza kidogo. Holaria Pastory hakuanzisha kitu. Yeye aliuza shamba lake akataka kula uzee wake kwa amani. Aliyeanzisha ni kijana aliyewahi mahakamani asubuhi ya pili. Kijana angenuna tu, akagoma kumsalimia shangazi yake kama wafanyavyo watu wengi, kifungu cha 20 kingeendelea kutawala hadi lini sijui. Haki ya wanawake wa Kagera kuuza ardhi ililetwa na mwanamume aliyetaka kuizuia, na ambaye hakukubali kushindwa Muleba. Nikiwaza hivyo naona kwamba Baba Mkubwa, kwa kuogopa kwake meli, alimponya Shangazi, lakini shauri letu halikumsaidia mtu mwingine yeyote. Liko kwenye daftari dogo tu.

Baadaye Bunge lilikuja nyuma. Sheria za Ardhi za 1999 zikaandika wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawa na mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Mwaka 2000 neno jinsia likaingia kwenye ibara ya 13. Mambo ambayo jaji alilazimika kuyatafuta kwa kurunzi mwaka 1990 sasa mtoto wa darasa la sita anaweza kuyasoma mwenyewe.

*

Kituo nilichopangiwa kilikuwa Shinyanga. Huko ndiko nilikokutana na Bi Hawa, kwa maana ya kesi yake.

Jirani yangu aliachika baada ya miaka kumi na minne ya ndoa. Nyumba ilijengwa kwa mshahara wa mume. Yeye alikuwa mama wa nyumbani. Nilienda naye mahakamani kama shahidi, na nilitegemea arudi na masufuria yake tu. Mume alipomaliza kueleza kwamba kila tofali ni jasho lake, hakimu akamuuliza: ulipokuwa kazini nani alikuwa anapika? Akataja "kesi ya Bi Hawa" bila kufafanua, kama mtu anavyotaja Panadol. Jirani akapata sehemu yake ya nyumba.

Nikaitafuta. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mahakama, ikigawa mali za ndoa, iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Ugomvi wote ulikuwa kwenye hilo neno moja, kazi. Majaji walikuwa makundi mawili. Kundi moja likasema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke, hazihesabiwi. Kundi la pili likasema zinahesabiwa. Mahakama ya Rufani, iliyokuwa na miaka minne tu tangu kuundwa, ikakata mzizi: Jaji Mkuu Francis Nyalali akauliza sheria hii ilitungwa kuponya ugonjwa gani, akajibu kwamba ni unyonyaji na ukandamizaji wa wake unaofanywa na waume zao, kwa hiyo kupika, kufua na kulea ni mchango. Tangu siku hiyo hakuna hakimu wa chini anayeweza kusema vinginevyo, kwa sababu uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazifunga mahakama zote zilizo chini yake.

Na Bi Hawa mwenyewe? Hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mume alishampa fedha za kuanzisha mradi wa familia akazitumia vibaya, kwa hiyo fungu lake lilishaliwa. Rufani yake ikatupwa. Maelfu ya wanawake wamegawiwa nyumba kwa jina lake, yeye akatoka mahakamani mikono mitupu. Nilimsimulia jirani yangu hadithi hiyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Maskini, angeniambia ningempelekea hata kuku."

*

Si kila jaji ni Mwalusanya. Wakati nafundisha Shinyanga, wajane wawili wa Kisukuma, ambao kila mmoja aliondolewa na ndugu wa mume kwenye nyumba aliyoishi na marehemu, walifungua shauri Mahakama Kuu. Hawakupinga kipande kimoja cha ardhi. Walipinga kanuni zenyewe za urithi, zilezile za Tangazo namba 436, ambazo zinamwambia mjane kwamba fungu lake ni kutunzwa na wanawe.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba kanuni hizo zinabagua, tena kwa njia nyingi. Halafu ikakataa kuzifuta. Hofu yake ilikuwa kwamba ikizigusa hizi, kila kabila litaleta mila zake, na kwamba mila ni bora zibadilishwe na halmashauri za wilaya kwa utaratibu uliowekwa. Wajane wakakata rufani. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa kwa kasoro ya tarehe kwenye hati ya amri. Tarehe! Wakaenda mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao.

Nimewaza sana juu ya hukumu hizi mbili, ya 1990 na ya 2006. Tangazo lilikuwa lilelile, na ibara ya Katiba ilikuwa ileile, tena ya pili ikiwa tayari imeongezewa neno jinsia. Hofu ya Mahakama Kuu naielewa kama mwalimu: ukimruhusu mmoja atoke nje, mikono arobaini inanyooka. Lakini mwalimu akishaona mtoto anajinyea hawezi kusema asubiri kikao cha kamati ya shule. Tofauti ninayoiona ni kwamba Mwalusanya aliletewa bibi mmoja, shamba moja na laki tatu, akamaliza. Wajane waliomba mti wote ung'olewe. Wenzangu wanaharakati hupenda mashauri makubwa. Mimi, baada ya kusoma hukumu hizi, nayaamini zaidi mashauri madogo yenye mtu na tarehe na bei.

Ingawa hata hapo kuna hukumu inayonipinga. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, ambaye hakuozwa utotoni, alikwenda Mahakama Kuu kuwasemea wasichana wengine. Sheria ya Ndoa, hiyohiyo iliyompa Bi Hawa kifungu cha 114, inasema kwenye kifungu cha 13 kwamba mvulana ataoa akiwa na miaka 18 na msichana ataolewa akiwa na 15. Cha 17 kinashughulikia ridhaa ya wazazi. Tarehe 8 Julai 2016 majaji wakasema vifungu vyote viwili vinakwenda kinyume na Katiba, wakaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufani. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali.

Nilikuwa nimeshazungumza na mzazi mmoja mwaka uleule wa 2016. Binti yake alikuwa anamaliza darasa la saba, na mahari ilishaanza kutajwa. Nikamwambia kwamba sheria mpya ya elimu inampa miaka 30 jela anayemuoa mwanafunzi. Alikuwa ameshaambiwa. "Mwalimu," akasema kwa upole kabisa, "akimaliza si mwanafunzi tena. Na sheria ya ndoa inasema kumi na tano." Nikamwambia Mahakama imeshasema hapana. Akaniomba nimwonyeshe mahali palipoandikwa. Kwenye kitabu cha sheria paliandikwa 15.

Hilo ndilo pengo ambalo ubao wangu haukulionyesha. Katiba yetu, ibara ya 30, inairuhusu mahakama isiifute sheria mbaya papo hapo, bali iipe Serikali muda wa kuirekebisha. Ni busara, inaepusha vurugu. Lakini mwaka mmoja uliotolewa ulipita, na hata baada ya hukumu ya 2019 miaka ikaendelea kupita bila Bunge kukigusa kifungu cha 13. Mzazi yule angejibiwa na nani? Jaji alishasema, na jaji hana mkono wa kuchapa kitabu.

Na mara nyingine Bunge hujibu haraka mno. Mwaka 1994 Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira akasema mtu anaweza kugombea bila chama. Mwaka huohuo Katiba ikarekebishwa kumfungia mlango. Akarudi, akashinda tena 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani 2010 kwa hoja kwamba jambo hilo ni la Bunge, akashinda Mahakama ya Afrika pale Arusha 2013. Mgombea binafsi hajaruhusiwa. Kwa hiyo kasi ipo, ukiitaka.

Tena njia ya Rebeca Gyumi ilibanwa. Mwaka 2020 sheria ilibadilishwa, ikamtaka anayefungua shauri la haki za msingi aape kueleza jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Msichana wa miaka 14 aliyeozwa ndiye akatakiwa kutafuta wakili. Niliona tunarudishwa kwa Bernardo Ephraim: labda haki ya mtu isubiri mpaka adui yake amshtaki.

*

Krismasi ya 2019 nilikuwa nyumbani. Baba Mkubwa amepita miaka themanini, macho hayaoni vizuri lakini masikio mazima. Nilikuwa na hukumu ya Kashasha kwenye simu, nikaona nimtafsirie, yote, mpaka ukurasa wa mwisho, ule ambao mwalimu mstaafu hakutuambia.

Ni hivi. Katika mila ya Kihaya, mwanamume akiuza ardhi ya ukoo bila ridhaa ya wenzake, wenzake wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Mwalusanya aliposema wanawake na wanaume wawe sawa, alimaanisha sawa pande zote. Mauzo ya Holaria Pastory yalikuwa halali, lakini yule kijana akapewa miezi sita: akilipa shilingi 300,000, ardhi inarudi kwake. Asipolipa, imekwenda.

Baba Mkubwa aliniamuru nirudie. Nikarudia.

"Kumbe tungeikomboa."

"Kama mngetoa laki nne na nusu, Baba."

Akageuza uso upande wa kaskazini, ambako hawezi kuona tena lakini anajua kuna nyumba ya bati ya yule mfanyabiashara wa kahawa, na nyuma yake ya pili ya mwanawe. "Laki nne na nusu," akasema. "Mwaka ule nilikuwa na ng'ombe." Akahesabu kwa vidole muda mrefu. Kisha akauliza kama yule mwalimu alijua. Nikasema sidhani, habari ya bibi wa Kashasha ilitufikia kwa miguu, na njiani ilikuwa imedondosha mkia. Hakuridhika. Mpaka tunalala alikuwa anamlaumu mwalimu, aliyekufa zamani.

Asubuhi nilimpigia Shangazi. Siku hizi anakaa Bukoba mjini kwa mjukuu wake, mmoja wa wale watano, ambaye ni nesi. Nikamweleza habari ya miezi sita. Akawa kimya kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Na sasa hivi je," akauliza, "bado wanaweza?"

Nikamwambia muda ulishapita, zaidi ya miaka ishirini.

"Basi," akasema, "usimwambie kaka yangu."

Nilikuwa nimeshamwambia.